Usajili Uliolipa: Gor Mahia na Wachezaji Waliozidi Bei Yao

Gor Mahia ni klabu ya kandanda ya Nairobi iliyozaliwa Februari 1968 kwa muungano wa Luo Union na Luo Sports Club, ambayo wengi waliijua kama Luo Stars. Ilitwaa ligi mwaka huo huo. Kufikia 2024 ilikuwa imeshinda ligi kuu mara 21, kuliko klabu nyingine yoyote nchini, na ndiyo timu pekee ya Kenya iliyowahi kushinda kombe la klabu za Afrika. Mashabiki huiita K'Ogalo, au Sirkal, na siku ya mechi kubwa huwa wamejaa kijani tupu kwenye sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue, wakiimba kabla ya kushika njia ya Nyayo au Kasarani.

Mabishano ya watu hao hayaishii kwenye matokeo. Mengi huhusu usajili: nani aliletwa kwa bei ya kutupa akaibeba timu, nani alikuja na jina kubwa akaondoka bila kuonekana. Makala haya yanaeleza jinsi thamani ya usajili inavyoweza kupimwa katika klabu kama hii, na kuwapitia wachezaji waliolipa zaidi. Ukiuliza ghafla, tisa kati ya kumi watakutajia Michael Olunga. Mimi si mmoja wa hao tisa, na sababu zangu ziko hapa chini.

Kipimo chenyewe

Ulaya hesabu hii ni nyepesi kwa sababu bei hutangazwa. Celtic ya Scotland ilimchukua Victor Wanyama, kijana wa Nairobi, kutoka Germinal Beerschot ya Ubelgiji mwaka 2011 kwa takriban pauni 900,000. Novemba 2012 alifunga kwa kichwa Celtic ilipoilaza Barcelona 2-1 katika Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2013 aliuzwa Southampton kwa takriban pauni milioni 12.5. Mwenye kubishia faida hiyo hayupo.

Nairobi daftari halifunguki hivyo. Ada za uhamisho kati ya klabu za ligi kuu hutangazwa kwa nadra, na wachezaji wengi huhama mikataba yao ikiwa imekwisha, yaani wakiwa huru. Gharama halisi ya mchezaji hapa ni pesa anazopewa siku ya kusaini, mshahara, marupurupu ya ushindi, na kwa mgeni, tiketi ya ndege, kibali cha kazi na kodi ya nyumba. Kwa vile karibu kila mtu huja kwa bei ndogo, urahisi pekee hauwezi kututenganishia usajili bora na usajili wa kawaida. Ukisema fulani alikuja bure, jirani yako atakujibu kwamba hata yule aliyeshindwa alikuja bure.

Yanayobaki ya kupima ni matatu. La kwanza ni kazi aliyofanya uwanjani, kwa mabao, mataji na mechi za bara. La pili ni muda aliokaa. La tatu, ambalo mashabiki hulisahau, ni mlango aliotokea: aliuzwa mkataba ukiwa hai, au aliaga tu na kwenda zake? Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 au chini ya hapo katika mkataba wake kusaini na klabu nyingine. Klabu inayotoa mikataba ya mwaka mmoja au miwili hujikuta kila Desemba na kila Juni ikiwabembeleza nyota wake wale wale, na ikizembea wiki chache, mchezaji aliyestahili kuuzwa anaondoka bila senti. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na historia ya usajili wa Gor inakaa karibu yote ndani ya msemo huo.

Enzi ya kabla ya ada

Katika miaka ya 1970 na 1980 mchezaji wa Kenya hakununuliwa, alishawishiwa. Kilichomvuta kilikuwa kazi katika shirika au kampuni, posho baada ya mechi, na zaidi ya yote fahari ya kuichezea timu ya nyumbani. Upande wa pili walikuwapo AFC Leopards, wapinzani wa jadi wanaoitwa mashemeji, nao wakishawishi kwa namna ile ile, huku Kenya Breweries ikiwa na uwezo wa kampuni nzima nyuma yake. Pesa za kuendesha timu zilitoka langoni: City Stadium kwanza, Nyayo baada ya kufunguliwa 1983, kisha Kasarani.

Kwa hiyo kuwapima wachezaji wa enzi hiyo kwa shilingi ni kupoteza muda, lakini kazi yao inahesabika. Mwaka 1976 Maurice Ochieng, aliyejulikana kama Sonyi, alifunga mabao 26 katika ligi ambayo Gor iliimaliza bila kushindwa. Rekodi hiyo ilidumu miaka 47. Kizazi kile kile ndicho kilichoipeleka klabu fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1979, ambako Canon Yaoundé ya Kameruni iliwatandika mabao 8 kwa bila katika mechi mbili.

Miaka 8 baadaye klabu ilirudi fainali ya kombe hilo hilo ikiwa na Austin Oduor kama nahodha na Peter Dawo kama mshambuliaji. Mechi ya kwanza, Tunis, dhidi ya Espérance, ilikwisha 2-2. Marudiano yalikuwa Kasarani, uwanja uliokuwa mpya kabisa kwa sababu ya Michezo ya Afrika ya mwaka huo. Iliisha 1-1, na Gor ikatwaa kombe kwa faida ya mabao ya ugenini. Kenya haijawahi kurudia jambo hilo, iwe kupitia Gor au timu nyingine yoyote. Kikosi kizima kile pengine hakikugharimu hela anazopata leo beki mmoja wa kati wa timu ya Dar es Salaam kwa msimu.

Walichokosa ni kile cha tatu katika kipimo chetu. Wachezaji wa 1987 hawakuwa na soko la kuuzwa, na klabu haikuwa na desturi ya kuuza. Ndugu yake nahodha Oduor, kinyume chake, alipita njia nyingine kabisa: Mike Okoth alikwenda Ubelgiji, akacheza Oostende na Genk, akatwaa ubingwa wa nchi hiyo na Genk mwaka 1999, na mwanawe Divock Origi akaja kununuliwa na Liverpool mwaka 2014. Hiyo ni damu moja, ila vitabu vya hesabu viwili tofauti.

Ukame, kisha mlango wa mashariki ya Afrika

Baada ya ubingwa wa 1995 Gor ilikaa miaka 18 bila ligi. Kipindi hicho hakina usajili wa kusimulia sana, isipokuwa kwamba klabu ilipoanza kuamka kuanzia 2011 na 2012, ilifanya jambo ambalo haikuwa imelifanya kwa ukubwa ule: ilivuka mpaka. Mganda Dan Sserunkuma alikuja 2012 na akawa mchezaji wa kutegemewa mbele ya lango mwaka huo huo. Ubingwa ulipatikana 2013, msimu ulioanza chini ya Mkroatia Zdravko Logarušić na kumalizikia mikononi mwa Mskoti Bobby Williamson. Mwaka uliofuata Sserunkuma alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, Gor ikatetea taji, naye akahamia Simba ya Tanzania. Mganda mwenzake Godfrey Walusimbi alishika upande wa kushoto wa ulinzi kwa misimu kadhaa hadi Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini ilipomchukua 2018.

Njia hiyo ya Simba tuiweke akilini, kwa maana itarudi.

Olunga

Michael Olunga ni mtoto wa Nairobi. Alisoma Upper Hill School, mwendo wa dakika chache kutoka katikati ya jiji, na alipokuwa akicheza ligi kuu alikuwa pia mwanafunzi wa uhandisi katika Technical University of Kenya, chuo kilichoko Haile Selassie Avenue. Alipitia Tusker, akaenda Thika United, na mwaka 2015 akatua Gor, iliyokuwa wakati huo chini ya Mskoti mwingine, Frank Nuttall.

Msimu wa 2015 ni kama ule wa 1976: Gor haikupoteza mechi hata moja ya ligi. Olunga alifunga mabao 19 ya ligi. Hakuwa hata mfungaji bora, kwani Jesse Were wa Tusker alifunga 22, lakini aliyemwona akikimbia anakumbuka jambo jingine. Alikuwa mrefu, mguu wa kushoto, na alipopata nafasi ya mita 20 mbele yake beki hakuwa na la kufanya ila kumvuta jezi. Pembeni yake alikuwa Meddie Kagere, na wawili hao waliifikisha Gor fainali ya Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, jijini Dar es Salaam, ambako Azam iliwazuia kwa mabao 2-0.

Kisha akaondoka. Ligi ya Kenya siku hizo ilianza Februari na kuisha Novemba, kwa hiyo dirisha la Januari la Ulaya lilimkuta mchezaji akiwa amemaliza msimu wake mzima na jina lake likiwa bado moto. Djurgården ya Sweden ilimchukua mwanzoni mwa 2016. Alifunga mabao 12 ya ligi, na baada ya mwaka mmoja Waswidi wakamuuza Guizhou Zhicheng ya China kwa mamilioni ya dola. Yaliyofuata yanajulikana: mabao 3 katika mechi moja akiwa Girona ya Uhispania, mabao 8 katika mechi moja ya daraja la pili la Japani akiwa Kashiwa Reysol mwaka 2019, na mwaka 2020 mabao 28 yaliyompa tuzo ya mfungaji bora na ya mchezaji bora wa ligi kuu ya Japani. Kutoka hapo alielekea Qatar.

Kwa hiyo ni kipaji kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuvaa jezi ya kijani katika karne hii. Lakini swali letu ni la thamani kwa klabu, na klabu ilimtumia msimu mmoja. Faida kubwa ya Olunga ilikwenda Stockholm, si Nairobi. Djurgården ndiyo iliyofanya usajili bora wa Olunga: ilimchukua kutoka ligi ambayo maskauti wachache huiangalia, ikampa miezi 12, ikauza.

Wanyarwanda wawili

Jacques Tuyisenge alijiunga na Gor mwaka 2016 kutoka Police FC ya Kigali. Hakuna shangwe kubwa iliyompokea. Msimu wake wa kwanza ubingwa ulikwenda Tusker, na wapo mashabiki waliokuwa wakiguna. Kisha akashinda ligi tatu mfululizo: 2017, 2018 na 2018–19. Kagere, aliyezaliwa Uganda na kuichezea Rwanda, alirejea naye akawa mwenzake mbele.

Juni 2017 Gor iliifunga AFC Leopards 3-0 katika fainali ya SportPesa Super Cup jijini Dar es Salaam. Zawadi ilikuwa dola 30,000, kama Sh milioni 3, pamoja na mechi na Everton. Mechi hiyo ilichezwa Dar Julai. Wayne Rooney, akivaa jezi ya Everton kwa mara ya kwanza tangu arudi, alifunga kutoka mbali. Tuyisenge akasawazisha kwa kichwa, na Everton ikashinda 2-1 mwishoni. Kwa wiki nzima jina la klabu ya Nairobi lilikuwa katika magazeti ya Uingereza, na kichwa kilicholiweka hapo kilikuwa cha mchezaji aliyesajiliwa kutoka ligi ya Rwanda.

Mwaka uliofuata fainali ilikuwa Afraha, Nakuru, dhidi ya Simba. Kagere alifunga mapema, Tuyisenge akaongeza kipindi cha pili, 2-0. Safari hii zawadi ilikuwa kwenda Goodison Park kwenyewe, ambako Novemba 2018 Everton ilishinda 4-0. Kagere hakuwa kwenye ndege hiyo. Wiki chache baada ya kuwafunga Simba pale Nakuru, Simba ilimsajili. Misimu miwili iliyofuata alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania, kwa mabao 23 na kisha 22, na Simba ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018–19, hatua iliyokuwa na zawadi ya dola 650,000. Ukitafuta usajili bora wa Simba katika muongo huo, utaanzia hapo, na Gor ndiyo iliyolipia onyesho la bidhaa.

Tuyisenge alibaki. Na msimu huo aliobaki ndio unaomweka juu ya orodha yangu. Gor ilitolewa mapema Ligi ya Mabingwa na Lobi Stars ya Nigeria, ikateremka Kombe la Shirikisho, na kwenye kundi ikakutana na Zamalek ya Misri, Hussein Dey ya Algeria na Petro de Luanda ya Angola. Februari 2019 Zamalek, ambao hatimaye walichukua kombe lenyewe, walikuja Kasarani wakatangulia kufunga, kisha wakapigwa 4-2. Tuyisenge alifunga mawili. Mechi ya mwisho ya kundi, dhidi ya Petro, ilikuwa vurugu tupu: Gor ilihitaji ushindi, kadi nyekundu zikamwagika, timu ikabaki na watu wachache uwanjani ikilinda bao moja. Bao hilo lilikuwa penalti ya Tuyisenge.

Sasa weka pesa mezani. Bingwa wa ligi ya Kenya miaka hiyo alipata karibu Sh milioni 4.5. Kufika robo fainali ya Kombe la Shirikisho kulikuwa na zawadi ya dola 350,000, yaani takriban Sh milioni 35. Zawadi hiyo moja ilikaribia thamani ya mataji 8 ya ligi. RS Berkane ya Morocco iliitoa Gor katika robo fainali, 2-0 Nairobi na 5-1 kwao, lakini hundi ilikuwa imeshapatikana. Katikati ya 2019 Petro de Luanda, timu ile ile iliyotolewa kwa penalti yake, ilimchukua.

Miaka mitatu na nusu, mataji matatu ya ligi, mamilioni ya bara. Sijaona mwingine katika enzi ya mikataba aliyelipa kwa muda mrefu hivyo.

Soko la nyumbani

Watu hupenda kusimulia washambuliaji, lakini usajili wa bei nafuu uliodumu zaidi ulikuwa nyuma na katikati, na ulitoka magharibi ya nchi. Beki Harun Shakava alitoka Kakamega Homeboyz akaja kuwa nahodha. Western Stima, timu iliyokuwa ikitegemea shirika la umeme, ilimtoa Kenneth Muguna, mchezaji bora wa ligi mwaka 2016, na pia Joash Onyango, beki ambaye ulimtambua kwa ndevu kabla hujamtambua kwa ukabaji, na baadaye mshambuliaji Benson Omala. Wachezaji watatu wa daraja la juu kutoka klabu moja isiyo na pesa: skauti yeyote angejivunia.

Tazama walikoelekea. Kiungo Francis Kahata alihamia Simba 2019. Onyango alikwenda Simba 2020. Muguna alikwenda Azam 2021. Klabu za Dar es Salaam ziligundua kwamba badala ya kutafuta wachezaji kona zote za Afrika, zinaweza kungoja Gor iwatafute, iwapike miaka miwili mitatu, kisha zije na mshahara mnono mikataba inapokaribia ukingoni. Si kosa lao. Serikali ilipoifungia leseni SportPesa, kampuni ya kamari iliyokuwa mdhamini wa Gor, mwaka 2019 na udhamini ukakatika, hakukuwa tena na ushindani wa mishahara wa kuzungumzia.

Omala ndiye aliyeonyesha kwamba jicho la klabu halikupotea hata pesa zilipokwisha. Alisajiliwa 2020, akapelekwa Sweden kwa mkopo, akarudi. Msimu wa 2022–23 alifunga mabao 26, sawasawa na Sonyi wa 1976. Ingekuwa rekodi ya pamoja kama Elvis Rupia wa Police FC hangefunga 27 msimu huo huo. Gor ilichukua taji, ikalitetea 2023–24 Omala akiwa mfungaji bora kwa mabao 19, kisha akaelekea Lebanon. Miaka hiyo hiyo FIFA iliizuia klabu kusajili wachezaji wapya kwa sababu ya madeni ya waliokuwa wachezaji wake. Hapo ndipo usajili uliokwisha kufanyika zamani unapopanda thamani: huwezi kununua, kwa hiyo ulichonacho ndicho chako.

Madeni hayo nayo ni sehemu ya hesabu. Mchezaji aliyeletwa kwa bei ndogo, akaondoka akidai mishahara, akashtaki FIFA na kushinda, anaigharimu klabu mara mbili: fidia yenyewe, na dirisha la uhamisho lililofungwa.

Upande wa pili wa mizani yuko Dennis Oliech. Alikuwa mshambuliaji mkubwa wa timu ya taifa, Harambee Stars, kwa zaidi ya muongo mmoja, aliyecheza Nantes, Auxerre na Ajaccio huko Ufaransa. Gor ilimsajili Januari 2019, akiwa na karibu miaka 34, kwa mkataba wa miaka miwili. Alifunga katika ile 4-2 dhidi ya Zamalek, na watu walijaa uwanjani kumwona. Hakufika mwisho wa mwaka. Siwezi kuuita usajili mbaya moja kwa moja. Tiketi ya mzunguko ilikuwa Sh200 mara nyingi, na ikiwa jina lake liliongeza watu 5,000 kwenye mechi moja, hiyo ni Sh milioni 1 langoni. Lakini ni hesabu ya tamasha, si ya ligi ya mechi 34.

Pesa zinazofuata nyuma

Kuna pato moja ambalo mashabiki wengi hawalijui. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 hustahili asilimia 0.25 ya ada yote, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 asilimia 0.5. Olunga alitimiza miaka 21 Machi 2015, akiwa Gor. Maana yake kila ada ya dola milioni 1 iliyolipwa juu yake baadaye ilibeba dola 5,000 za msimu ule mmoja. Tuyisenge na Kagere hawana hesabu ya namna hii, kwa sababu walifika wakiwa watu wazima kikandanda. Kwa mchezaji wa aina yao nafasi ya kurudisha pesa ni moja tu, kumuuza mkataba ukiwa hai.

Hesabu hiyo ndiyo inayofanya mitaa ya magharibi ya Nairobi iwe na thamani kuliko inavyoonekana. Kawangware ni nyumbani kwa Nairobi City Stars, timu iliyoanza kama World Hope mwaka 2003, ikapanda, ikashuka, ikarudi ligi kuu 2020 na baadaye kuteremka tena. Ukitoka hapo, viwanja vya vumbi vinafuatana kupitia Kangemi na Dagoretti hadi Woodley na Kibera, na Jumamosi asubuhi vyote vina watoto. Wanyama aliyetajwa mwanzoni mwa makala haya alipita City Stars kabla ya AFC Leopards na safari ya Sweden. Chukua msimu mmoja tu wa mchezaji wa miaka 15: asilimia 0.25 ya ile pauni milioni 12.5 ya Southampton ni pauni 31,250, ambazo mwaka 2013 zilikuwa zaidi ya Sh milioni 4. Hiyo inakaribia zawadi ya ubingwa wa Kenya, kwa kijana ambaye hakugharimu zaidi ya viatu na nauli ya matatu. Alipotoka Southampton kwenda Tottenham 2016 mgao haukuwapo, maana uhamisho ulikuwa ndani ya nchi moja. Kanuni ilibadilishwa Julai 2020, na sasa klabu ya malezi iliyo nchi nyingine hupata fungu lake hata hapo.

Novemba 2022 FIFA ilianzisha shirika lake la malipo mjini Paris ili pesa hizi zitoke bila klabu ndogo kulazimika kufungua kesi. Shirika hilo husoma historia ya mchezaji iliyoandikishwa kielektroniki na chama cha soka cha nchi yake, msimu kwa msimu, kuanzia akiwa na miaka 12. Msimu usioandikwa popote haulipwi. Katika mashindano mengi ya watoto mitaani, orodha ya wachezaji bado huandikwa kwa kalamu kwenye karatasi moja, ikapewa refa kabla ya mechi kuanza.